Dawa za Kupunguza Asidi na Tarehe ya Kuziacha



Nilikusudia kuwasimulia historia ya vidonda vya tumbo. Mpango huo umeharibiwa na ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu zetu. Msemaji hajitaji jina wala kazi. Anasema omeprazoli na dawa za jamii yake zinaua figo, zinaleta usahaulifu na saratani, na kwamba anayetaka kupona kiungulia anywe maji ya kabichi mbichi na maziwa baridi. Nisingewapotezea muda kwa ajili ya mtu huyo. Lakini nilipomlalamikia mwenzangu mmoja, daktari ninayemheshimu, alinijibu: "Mwache aseme. Watu wanazila kama karanga. Wakiogopa kidogo, hasara iko wapi?" Jibu hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Uongo wa mtaani nimeuzoea. Uongo unaopewa baraka na daktari kwa kuwa eti una faida, sitaki kuuzoea.

Misingi nitaipita haraka, maana wanafunzi wa mwaka wa pili wanaijua. Tumbo hutengeneza asidi kwa pampu ndogo zilizo kwenye seli za ukuta wake. Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna na jeli za kunywa hupunguza makali ya asidi iliyokwisha kutoka. Simetidini, tunda la kazi ya James Black, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1976, huzuia histamini isiamrishe asidi itoke. Omeprazoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, huifunga pampu yenyewe. Na tangu Barry Marshall na Robin Warren walipofanikiwa kumwotesha bakteria Helicobacter pylori huko Perth, Australia, mwaka 1982, tunajua kwamba vidonda vingi havisababishwi na mawazo wala pilipili. Vinasababishwa na bakteria huyo, au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Basi, tuendelee.

Tuanze na saratani, kwa sababu hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Mwaka 1984 majaribio ya omeprazoli kwa binadamu yalisimamishwa kwa muda, kwa kuwa panya waliopewa dozi kubwa maisha yao yote waliota uvimbe tumboni. Asidi ikizimwa, mwili humwaga homoni iitwayo gastrini ili kuirudisha, na gastrini hukuza seli fulani za tumbo. Kwa panya, ambaye gastrini yake hupanda mno, seli hizo ziligeuka uvimbe. Watafiti walichunguza, wakaridhika, majaribio yakaendelea. Binadamu wamezitumia dawa hizi kwa zaidi ya miaka 30 sasa, na uvimbe wa panya haukuwa janga la watu.

Figo na usahaulifu vina hadithi nyingine. Humo watafiti walifungua majalada ya wagonjwa, wakaona wanaomeza dawa hizi wanaugua zaidi kuliko wasiozimeza. Takwimu za namna hiyo kuhusu usahaulifu wa wazee zilitoka Ujerumani mwaka 2016, na magazeti yakazipigia baragumu. Lakini jiulizeni: ni nani humeza omeprazoli miaka nenda miaka rudi? Ni mzee mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye mfuko uliojaa dawa nyingine. Mtu huyo angeugua hata kama asingekiona kidonge hicho. Njia ya kuumaliza ubishi ni kura: wachukue watu wengi, wagawe kwa kura, hawa wapewe dawa, wale wapewe kidonge kitupu, kisha subiri. Jaribio la COMPASS, lililochapishwa mwaka 2019, lilifanya hivyo kwa watu zaidi ya 17,000 wenye maradhi ya moyo na mishipa, likawafuatilia kwa takriban miaka 3. Figo, usahaulifu, nimonia, mifupa kuvunjika, saratani: haikuonekana tofauti ya kuthibitika. Kilichoongezeka ni maambukizi ya utumbo, asilimia 1.4 kwa waliopewa dawa na asilimia 1.0 kwa wenzao.

Miaka 3 si 20, nakubali. Tena sisemi dawa haina madhara. Kuna uvimbe wa ghafla wa figo ambao ni nadra lakini ni wa kweli. Magnesiamu ya damu huweza kushuka, hasa kwa aliyepita mwaka mmoja akimeza, na vitamini B12 kwa aliyepita miaka miwili. Madini ya chuma hayafyonzwi vizuri pasipo asidi, jambo la kuangaliwa kwa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu. Na hayo maambukizi ya utumbo, yanayoonekana madogo kwenye jedwali la jarida, yana uzito mwingine katika miji yetu inayotembelewa na kipindupindu, kwa sababu asidi ya tumbo huua wadudu wengi kabla hawajafika utumboni. Madhara hayo yanajulikana, yanapimika, na mengi yanazuilika. Hayafanani hata kidogo na yale ya ujumbe wa sauti.

Na kabichi je? Mwaka 1949 Garnett Cheney wa California aliripoti wagonjwa 13 wa vidonda aliowanywesha maji ya kabichi mbichi, wakapona upesi. Wagonjwa 13! Alivutiwa kiasi cha kukipa kiini chake jina la vitamini U. Huenda ndiyo asili ya hayo tunayoyaita maarifa ya bibi zetu. Maziwa nayo yana baba yake. Bertram Sippy wa Chicago alitangaza mwaka 1915 tiba ya maziwa na malai kila saa, pamoja na unga wa kupoza asidi. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha protini na kalisi yake huchochea asidi itoke upya. Baya zaidi, baadhi ya waliofuata tiba ile walipandisha kalisi ya damu na kuharibu figo. Naomba mlitafakari hilo: ujumbe unaotutisha kuhusu figo unatuelekeza kwenye maziwa!

Sasa nimgeukie mwenzangu. Anadhani hofu itawapunguza wanaotumia ovyo. Kijana anayemeza kapsuli mbili baada ya kula nyama choma usiku wa Jumamosi hatausikiliza ujumbe huo, na akiusikiliza atacheka. Atakayeogopa ni mzee makini anayemeza aspirini kwa sababu ya moyo, aliyewahi kutapika damu, ambaye omeprazoli ndiyo inayomkinga asitapike tena. Huyo ataacha dawa kimyakimya, asimwambie daktari wake, na siku moja tutamwona mapokezi akiwa na choo cheusi. Hofu humpata asiyestahili kuogopa.

Lakini hofu si kosa pekee; kuna pia kudhani kwamba asiyeumwa amepona, na hapa naomba ruhusa ya kukitaja kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma yangu. Wanafunzi wangu wanajua nikikianza sikiachi. Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac kule Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya na kumtoboa tumbo kijana wa Kikanada, Alexis St. Martin, mbeba mizigo wa biashara ya manyoya. Daktari wa jeshi William Beaumont alimtibu, akitarajia atakufa. Hakufa, lakini tundu halikuziba, likabaki mlango wa kuchungulia tumboni. Tangu 1825 Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akaviteremsha ndani ya tundu, akawa anavivuta kila baada ya muda kuona kilichoyeyuka. St. Martin alichoka, akatoroka kwao Kanada bila kuaga, na simlaumu. Akarudishwa, na mwaka 1832 akatia saini mkataba wa dola 150 kwa mwaka ili tumbo lake litumike. Alipofariki mwaka 1880, familia yake iliacha maiti ioze kabla ya kuizika, madaktari wasije wakaiomba. Maadili ya utafiti ni mhadhara wa siku nyingine.

Ninachokitafuta katika kitabu hicho cha Beaumont, kilichochapishwa mwaka 1833, ni kurasa chache za siku ambazo St. Martin alikuwa amekunywa pombe kali mfululizo. Beaumont alichungulia akaona utando umekuwa mwekundu, una mabaka na vidonda vidogo. Akamwuliza mgonjwa anajisikiaje. Akajibiwa kwamba hajambo, hana maumivu, na hamu ya kula ipo. Daktari anakiona kidonda kwa macho yake, na mwenye tumbo anasema yuko salama! Karibu karne mbili zimepita, nasi bado tunapima uponyaji kwa kuuliza, "Bado inauma?"

Mjomba wangu, mkulima wa kahawa Kilimanjaro, alikuwa na kiungulia cha miaka mingi. Kila akienda duka la dawa aliongezewa pakiti, akatulia. Ukafika wakati akasema ugali unakwama kifuani. Akahamia mtori, kisha uji, akaendelea na kapsuli zake kwa kuwa kile kiungulia hakikuwapo tena. Kipimo cha kamera kilipofanyika, saratani ya umio ilikuwa imekwisha kufunga njia. Dawa haikumpa saratani. Kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na kwetu hadi Malawi, ugonjwa huu ni mwingi, omeprazoli iwepo isiwepo. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia mwisho wa kapsuli zile ni lini, na arudi kwa nani.

Kwa hiyo ninao msimamo ambao wenzangu wameuchoka. Kila bahasha ya dawa ya kupunguza asidi iandikwe tarehe ya kuacha. Kiungulia cha kawaida hutosheka na wiki 4 hadi 8. Tiba ya bakteria ni siku 14 za antibiotiki mbili pamoja na omeprazoli asubuhi na jioni. Mwenye sababu ya kudumu, kama yule mzee wa aspirini, aandikiwe tarehe ya kupitiwa upya. Nimeambiwa hili ni jambo la karani, si la profesa. Nimeambiwa pia kwamba wagonjwa wakiacha, moto hurudi. Kweli: huko Denmark, watu 120 wenye afya, wasio na kiungulia, waligawanywa mafungu mawili. Waliopewa esomeprazoli, ndugu ya omeprazoli, kwa wiki 8 kisha wakaachishwa, asilimia 44 walipata dalili za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya waliopewa vidonge vitupu. Ni ile gastrini inayodai haki yake. Ndiyo maana mgonjwa aelezwe mapema kwamba wiki chache za mwanzo zinaweza kuwa ngumu, apunguze dozi kidogo kidogo, atumie vidonge vya kutafuna inapobidi, asidhani ugonjwa umerejea.

Kabla ya tarehe hiyo, ameze ipasavyo: nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kapsuli nzima, bila kutafuna, kwa sababu asidi huiharibu dawa hii kabla haijafyonzwa. Hufunga pampu zilizoamshwa na chakula, na huchukua siku kadhaa kufikia nguvu yake. Haifai kuzima moto wa usiku huo. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU aimeze saa 2 kabla au saa 6 baada ya vidonge vya magnesiamu au alumini. Omeprazoli haina ugomvi na dolutegraviri, ila inao na atazanaviri na rilpivirini. Na tukomeshe mtindo wa kumpima mtu damu kila mara na kumtibu bakteria aliyekwisha kufa: kinga za mwili hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona. Kipimo cha choo ndicho cha kuthibitisha, omeprazoli ikiwa imeachwa wiki 2 na antibiotiki wiki 4.

Ndugu zangu wauzaji wa dawa mliomo ukumbini, sina mamlaka juu yenu, nawaomba tu. Kuanzia kesho asubuhi, mkimpa mtu kapsuli hizi, mwulizeni kwanza kama chakula kinakwama, kama amekonda, kama choo chake ni cheusi au ametapika damu. Akisema ndiyo kwa lolote kati ya hayo, msimwuzie, mpelekeni hospitali. Akisema hapana, chukueni kalamu mwandike tarehe kwenye bahasha.