Baraza ya Mbao Mlangoni: Pima Inchi Kabla ya Kununua Mbao

(Mazungumzo kwa wenye maduka, wenye nyumba na mafundi wa Kaplong)



Mvua ya eneo hili haihitaji kuelezwa kwa mtu anayechuma chai. Mwenye duka au nyumba huchoshwa na tope mlangoni, akaamua kuweka baraza ya mbao. Wazo ni zuri: tope linabaki nje, mteja anapata pa kusimama, na mzee anaketi hapo jioni bila viatu kulowa. Tatizo huanza anapokimbilia kununua mbao kwanza, kisha ndipo fundi anauliza kuna inchi ngapi kutoka kizingiti cha mlango hadi ardhini. Mara nyingi jibu ni 8 au 10. Baraza hujengwa hivyo hivyo, boriti zikalazwa juu ya udongo, na baada ya misimu michache ya mvua mguu wa mteja unatumbukia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Baraza inafaa kukaa angalau inchi 1 chini ya kizingiti, la sivyo maji ya mvua yanaingia ndani. Ubao wa kukanyagia una unene wa inchi 1. Chini yake kuna mbao za kubeba za 4 kwa 2, zikisimamishwa kwa ubavu: inchi 4. Mtindo wa kawaida huzilaza hizo juu ya boriti nyingine za 4 kwa 2: inchi 4 tena. Jumla ni inchi 10. Mlango wenye inchi 10 basi umebaki bila nafasi yoyote, na mbao zimegusa udongo.

Fundi mzuri ana njia ya kutoka hapo. Badala ya kuweka mbao za kubeba juu ya boriti, anaziingiza katikati ya boriti ili zote ziwe usawa mmoja, zikishikwa na vyuma vya pembeni au kipande cha mbao kilichofungwa ubavuni. Mara moja anaokoa inchi 4. Boriti zenyewe anazikalisha juu ya vitako vidogo vya simiti, na hewa inapita chini. Hewa ndiyo inayokausha mbao baada ya mvua. Ubao unaolowa na kukauka unadumu. Usiokauka kamwe unaoza, hata uwe wa bei gani. Ndiyo sababu pia mbao za juu huachiana upenyo mdogo, kama unene wa penseli, na baraza haisukumwi ikabana ukuta.

Nafasi ikiwa bado haitoshi, udongo unaweza kuchimbwa. Hapa tahadhari inahitajika. Shimo lisilo na njia ya maji ni kisima, na baraza juu yake itakuwa na unyevu kuliko ile iliyolala ardhini. Uchimbaji uteremke kutoka ukutani kuelekea upande wa chini, usifichue msingi wa nyumba, na juu yake zimwagwe kokoto ili magugu yasiote. Maji ya paa nayo yapelekwe mbali kwa mfereji. Kaplong ni nchi ya miteremko, kwa hivyo maji yakionyeshwa njia yataifuata.

Mteremko huohuo hudanganya macho. Upande mmoja wa duka unaweza kuwa na inchi 14 na mwingine 7. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi wanaotumia kusawazisha msingi, utatoa ukweli kwa dakika chache. Namba ndogo kuliko zote ndiyo ya kupangia kazi. Ikiwa ni chini ya 6, afadhali mwenye nyumba aache mbao kabisa, aweke mawe au simiti. Atatumia pesa mara moja.

Kuhusu mbao zenyewe, saiprasi nyingi huuzwa zikiwa bado na maji. Zipangwe kivulini zikitenganishwa na vijiti, zikauke kwanza. Mkaratusi ni mgumu lakini hupasuka na kujipinda usipokaushwa polepole. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani hutaka mbao za kubeba sakafu zilizo chini ya sentimita 45 kutoka udongo wazi ziwe za aina isiyooza upesi au zilizotiwa dawa. Baraza za hapa ziko chini zaidi ya hapo, na mchwa ni wengi zaidi. Wazee waliinua ghala za nafaka juu ya miti si kwa urembo.

Mbao iliyotiwa dawa ikikatwa, ncha mpya haina kinga ya kutosha. Ipakwe dawa kabla ya kufungwa. Na kwa kuwa hakuna mtu atakayeweza kutambaa chini ya baraza ya inchi 8, mbao mbili tatu zifungwe kwa skrubu badala ya misumari. Zifunguliwe kila baada ya mvua kubwa, taka zitolewe, na vijia vya udongo vya mchwa vitafutwe kwenye vitako na ukutani.

Walio kando ya barabara wana jambo la ziada. Eneo la hifadhi ya barabara si la duka, hata kama limezoeleka hivyo, na baraza iliyofunika mtaro huziba maji ya mtaa mzima. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya uendelezaji wa ardhi. Ni rahisi kuuliza ofisini kabla ya kupiga msumari kuliko kubomoa.

Vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni. Mbao nyingi zenye rangi ya kijani kibichi zimetiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake hubaki na aseniki, kwa hivyo yasimwagwe kwenye sukuma wiki wala mahali kuku wanapodonoa. Fundi na mwenye nyumba wakubaliane mapema nani atavikusanya, kwa sababu jioni ya siku ya kazi kuna mtoto atakayetumwa kutafuta kuni.