Dipositi ya Mpangaji: Riba Yake ni ya Nani?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kiogoro. Tunayachapa kwa ajili ya vikundi vingine vyenye nyumba za kupangisha.)



Leo sitazungumza juu ya kuku wala migomba. Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba za kupangisha, na ndani ya jambo hilo nimechagua kitu kimoja ambacho hakitajwi sana mikutanoni. Kitu hicho ni dipositi.

Mji wa Kisii umepanuka mpaka umetufikia. Wanafunzi, walimu, vijana wa bodaboda na wafanyakazi wa mjini wanatafuta chumba huku kwetu. Vikundi vilivyoanza kwa mzunguko wa shilingi hamsini hamsini sasa vina ploti yenye vyumba na tangi la maji. Hayo ni maendeleo, na mnastahili pongezi. Lakini kila mpangaji aliyeingia alileta fedha mara mbili: kodi ya mwezi wa kwanza, na dipositi. Kodi ni yenu, mmeuza nafasi na mmelipwa. Dipositi je? Hiyo bado ni mali ya mpangaji. Mnamwekea tu, ili akivunja dirisha au akiondoka na deni, msipate hasara.

Sasa tuangalie inavyokwenda. Tuseme kikundi kina vyumba 8, na kila mpangaji ameweka dipositi ya shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 16,000. Mweka hazina anazipokea. Siku ya mkutano wanachama wanakopeshana mezani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kama kawaida yetu. Fedha za mezani hazitoshi, mtu anakumbuka zile 16,000. Si zimekaa tu? Zinakopeshwa. Kama wakopaji wote wanalipa vizuri, hizo zinazaa shilingi 1,600 kila mwezi. Kwa mwaka ni 19,200, zaidi ya dipositi zenyewe! Desemba inafika, tunagawana sukari, mafuta na blanketi, tunaimba, tunarudi nyumbani.

Januari wapangaji watatu wanahama kwa mkupuo. Wanadai shilingi 6,000 zao. Na hapo ndipo linatoka lile neno ambalo kila mpangaji wa Kisii amelisikia: “Ngoja tupate mpangaji mwingine.”

Hebu tulipime neno hilo. Maana yake ni kwamba fedha za mtu hazipo. Dipositi ya mgeni ndiyo italipa dipositi ya anayehama, na huyo mgeni naye akitaka kuhama atangoja mgeni wake. Chumba kikikaa kitupu miezi mitatu, mnyororo unakatika, na aliye mwisho wa mnyororo ndiye anayelia.

Mimi nasema wazi: dipositi haifai kukopeshwa mezani. Haijalishi kama kikundi ni kizuri, na haijalishi kama tangu mwanzo hamjawahi kupoteza mkopo. Mwanachama akishindwa kulipa, fedha iliyopotea ni ya mpangaji. Akilipa na riba, faida inakuwa ya kikundi. Hatari mmempa mtu ambaye hakuwa mkutanoni wala hakuulizwa, faida mmejiwekea nyinyi. Mngekubali kufanyiwa hivyo na benki yenu?

Najua swali linalofuata, kwa sababu nimeshaulizwa njiani. Je, sheria inamlazimisha mwenye nyumba kulipa riba ya dipositi? Hapa Kenya hakuna sheria ya nyumba inayosema kila mwenye nyumba alipe riba hiyo. Tunayo sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inayohusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwaka 2021 uliletwa bungeni mswada wa kuunganisha sheria za wenye nyumba na wapangaji ziwe kitu kimoja. Lakini kwa habari ya riba, kinachowafunga ninyi ni mapatano yenu na mpangaji. Mkiandika, mtashikwa na mlichoandika. Msipoandika, mtabishana mlangoni huku godoro limeshapakiwa.

Msidhani basi kwamba mpangaji hana pa kwenda. Tangu mwaka 2021 nchi yetu ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, pamoja na madai ya fedha ambazo mtu amemshikia mwenzake. Kesi inatakiwa iishe kwa siku 60. Shilingi 2,000 zinaweza kufika huko, na risiti aliyoshika mpangaji ina sahihi ya mweka hazina wenu, si yangu.

Kwingine wameandika sheria kabisa. Afrika Kusini walipitisha yao mwaka 1999: mwenye nyumba aiweke dipositi katika akaunti yenye riba, na mpangaji akiomba kuona uthibitisho aonyeshwe. Mpangaji akihama bila deni wala uharibifu, arudishiwe dipositi pamoja na riba yake katika siku 7. Ujerumani nao wamesema dipositi isizidi kodi ya miezi mitatu, itengwe na mali ya mwenye nyumba, na riba ni ya mpangaji.

Wengine watasema, huyo dada wa parokia anatuletea mambo ya Ulaya. Haya, turudi nyumbani, kwenye simu mliyo nayo mfukoni. Fedha zenu za M-Pesa hushikiliwa katika amana benki, mbali na mali ya kampuni. Huko benki zinazaa riba. Kampuni haiweki riba hiyo mfukoni kama faida yake, kwa sababu kanuni za malipo za mwaka 2014 zinataka mapato ya amana kama hiyo yafuate sheria ya amana au yaende kwa shughuli za hisani. Wewe mwenyewe hupati riba, ni kweli. Lakini ukienda kwa wakala leo, shilingi yako ipo, huambiwi ungoje mteja mwingine aweke. Hicho ndicho kipimo ninachotaka tukitumie kwanza.

Sasa riba yenyewe. Tuchukue zile 16,000 tuziweke benki au kwenye chama cha akiba na mikopo, tuseme kwa asilimia 4 kwa mwaka. Inakuja shilingi 640. Serikali inakata kodi ya asilimia 15, zinabaki 544. Gawa kwa vyumba 8: shilingi 68 kwa kila mpangaji kwa mwaka mzima. Naona mnacheka. Na mimi nilipopiga hesabu nilicheka, maana hiyo haifiki hata nauli ya kwenda kuifuata benki na kurudi.

Kwa hiyo sitawaambia mkeshe mkigawa shilingi 68. Kwa vyumba vidogo, naona inatosha kuandika katika mapatano kwamba riba ya dipositi itatumika kwa kitu cha wapangaji wote, kama balbu ya chooni au kufuli la geti, na kila mwaka kubandikwa karatasi inayoonyesha ilipatikana kiasi gani na ikanunua nini. Mpangaji asome kabla ya kutia sahihi. Asipokubali, mhesabieni zake.

Kwa duka ni habari nyingine. Wapo wanachama hapa wenye vyumba vya biashara barabarani, na mfanyabiashara ameweka dipositi ya shilingi 60,000, akakaa miaka 8. Kwa hesabu ile ile, baada ya kodi, ni shilingi 2,040 kwa mwaka, na kwa miaka 8 ni 16,320 bila kuhesabu riba juu ya riba. Hizo si za kuchekea. Hapo nasema mlipeni riba yake, na muandike hivyo tangu siku ya kwanza. Tena shilingi 60,000 za miaka 8 iliyopita hazinunui leo mabati zilizonunua wakati ule. Ukimrudishia kiasi kile kile bila chochote juu, amerudi nyuma.

Baba mmoja aliniambia, “Wapangaji nao ni wajanja. Mwezi wa mwisho hawalipi kodi, wanasema kata kwa dipositi.” Ni kweli, na inaumiza, kwa sababu akishaila dipositi yake kwa njia hiyo hakuna kilichobaki cha kutengeneza kitasa alichovunja. Lakini jiulizeni kwa nini anafanya hivyo. Ameona jirani yake akizungushwa miezi minne. Anajua njia ya pekee ya kuipata fedha yake ni kuilalia. Mkirudisha dipositi za wawili watatu siku ile ile wanayohama, mbele ya wapangaji wengine, habari itazunguka ploti nzima.

Na uharibifu ukatwe kwa haki. Mpangaji akiingia, zungukeni naye chumba, muandike kwenye daftari: vioo vingapi, kitasa kinafanya kazi, ukuta uko namna gani. Wote watie sahihi. Akitoka, zungukeni tena na daftari lile lile. Kioo kilichovunjika kikatwe, na risiti ya fundi ionyeshwe. Rangi iliyofifia kwa kukaa miaka mitatu si uharibifu. Nyumba huzeeka kama sisi.

Vikundi vingine hapa, dipositi zimeshaliwa. Sitaki mtu ajifiche, kwa sababu wengi mko hapo. Fanyeni hivi. Fungueni akaunti ya dipositi peke yake, yenye watia sahihi watatu, na daftari lake peke yake. Kila mwezi, kodi ya chumba kimoja iende huko moja kwa moja kabla hamjagawa kitu. Kwa mfano wetu, shilingi 2,000 kwa mwezi zitajaza 16,000 kwa miezi 8. Dipositi ya mpangaji yeyote mpya iingie huko siku hiyo hiyo, isipite mezani hata kwa usiku mmoja. Na katika kila mkutano, mweka hazina asome jumla mbili: tunazodaiwa na wapangaji, na zilizomo kwenye akaunti. Kama namba hizo hazilingani, mkutano usiendelee na mikopo mpaka ieleweke ni kwa nini.

Mkutano ujao, kila kikundi chenye ploti kilete daftari la kodi, risiti za dipositi na kitabu cha benki. Walio na mapatano ya maandishi wayalete pia. Tutakaa kikundi kimoja kimoja, na sitasoma hesabu ya mtu mbele ya wengine.