Mama wa Musa Alilipwa Mshahara

Somo: Kutoka 2:1-10, Matayo 10:8-10, Kumbukumbu la Torati 24:14-15

 

Sote tunajua habari ya Musa mtoni. Tunahubiri juu ya imani ya mama yake, na juu ya dada aliyesimama mbali akitazama. Leo tusimame kwenye mstari wa 9. Binti Farao anamkabidhi yule mama mtoto, amnyonyeshe na kumlea kwa ajili yake, na hapo hapo anaahidi kumpa mshahara. Mtoto alikuwa mdogo. Kazi ilifanyika nyumbani, si katika jumba la mfalme. Na malipo yalitajwa kabla kazi haijaanza. Binti wa mpagani alijua jambo ambalo sisi, watu wa Roho, tunalisahau.

Katika mitaa yetu wako wamama na wababa tunaowaita reko. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanaangalia watoto, wanawatuma kituo cha afya. Wengine wamefundishwa na waganga namna ya kumsaidia mtoto anayechelewa kukaa, kutembea ao kusema. Wengi wao hawana mshahara wa mwezi. Kampeni ya chanjo ikija, wanapata kitu kidogo. Kampeni ikiisha, makuta yanaisha, lakini watoto wangali pale.

Wapendwa, naungama mbele yenu. Katika kanisa letu kulikuwa mama mmoja wa kazi hiyo. Alikuwa akimtembelea mtoto aliyezaliwa kwa shida, ambaye hakulia mara moja. Miaka miwili ilikuwa imepita, na shingo yake bado ilikuwa laini. Kila juma mama huyu alikwenda, akamfundisha mzazi namna ya kumkalisha mtoto, namna ya kumlisha asipaliwe, namna ya kucheza naye. Mtoto akaanza kukaa akiegemea mto. Kanisa zima tulipiga vigelegele.

Siku moja mama huyu alikuja ofisini kwangu kuuliza kama kanisa linaweza kumsaidia kitu kila mwezi. Nikamjibu: “Mama, Mungu atakulipa.” Hakukasirika. Alisema, “Ndiyo, Papa Pasta,” akaenda. Mwezi uliofuata nikamwona mpakani na beseni la nyanya kichwani. Alikuwa na watoto wake mwenyewe wa kulisha. Na yule mtoto hakupata tena mtu wa kumtembelea.

Ni mimi niliyefunga mlango ule. Nililitumia jina la Mungu kujifichia deni langu.

Mtu atasema: “Pasta, Yesu alisema tumepata bure, tutoe bure.” Ni kweli, ni Matayo 10:8. Lakini usifunge Biblia yako hapo! Soma mpaka mstari wa 10, pale Bwana anasema kwamba mtenda kazi anastahili chakula chake. Mtumishi hauzi neema, na anayetumikiwa hamwachi mtumishi na njaa. Mwingine atasema: “Kazi ya watoto ni ya upendo, haipimwi kwa makuta.” Ni nani alimpenda Musa kuliko mama yake? Na bado alilipwa. Mshahara haukupunguza upendo wake hata kidogo.

Tuhesabu pia kwa haki. Wako wanaolipa saa ile tu mtumishi anapokuwa ndani ya nyumba. Lakini yeye ametembea saa nzima kwenye vumbi ao matope. Anafika, anakuta mlango umefungwa kwa sababu mzazi amevuka kwenda Mufulira kuuza. Siku hiyo anaandikiwa sifuri. Jioni anaandika ripoti kwa mwanga wa taa yake mwenyewe. Saa moja ililipwa, siku nzima imekwisha. Labani alimbadilishia Yakobo mshahara mara kumi; tusiwe wana wa Labani.

Jambo hili si la kanisa peke yake. Mwaka 2018 OMS ilishauri mataifa yote kuwalipa watumishi wa afya wa mitaani kulingana na uzito wa kazi na saa zao, wala malipo yasitegemee tu hesabu ya matokeo. Kenya, mwaka 2023, ilianzisha kikosi cha watumishi wa namna hiyo wapatao 100.000, na posho ya shilingi 5.000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini imetajwa. Na kule Jamaika, watoto waliodumaa walitembelewa nyumbani saa moja kila juma kwa miaka miwili, wakichezeshwa pamoja na mama zao. Miaka 20 baadaye, walikuwa wakipata mapato makubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Saa ile moja ni mbegu. Lakini mpandaji naye anakula.

Basi tufanye nini? Viongozi wa serikali na wa miradi, mnaposoma karatasi hii, wekeni mshahara wa watu hawa kwenye bajeti yenu. Nasi tusiwangoje. Wazee wa kanisa letu wamekubali mambo manne. Malipo yatatajwa kabla ya kazi. Njia italipwa, si saa ya nyumbani peke yake. Mlango uliofungwa utahesabiwa. Na siku ya malipo haitasogezwa, maana Torati inasema mshahara wa maskini utolewe kabla ya jua kutua. Mzazi wa mtoto mgonjwa hatadaiwa kitu. Sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi itakuwa ya kazi hii.

Mimi nilikwenda kwa yule mama, nikaomba msamaha, nikamlipa miezi yake. Ameanza tena. Mtoto amepoteza muda ambao siwezi kuurudisha.

Tuombe. Baba, utusamehe kila mara tulipotaja jina lako ili tusifungue mkono wetu. Uwabariki wanaobeba watoto wetu, na utupe mioyo ya kuwalipa kwa haki. Katika jina la Yesu, Amina.