Programu Kwanza, Mfumo Baadaye: Mada kwa Wakazi Wanaotaka Kuhamia Linux



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za mfumo wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka na kufanya kazi kama zamani. Kilichokatika ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza walipewa muda hadi Oktoba 2026. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni.

Mwenye kompyuta ya mkono wa pili, awe mwalimu, mwenye saiba au mweka hazina wa chama, huenda akadhani ana njia mbili tu: kununua nyingine, au kuendelea kutumia aliyo nayo bila kinga. Iko njia ya tatu, nayo ni Linux.

Linux ilianza mwaka 1991, Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini hicho hicho cha Linux ndicho kilicho ndani ya simu za Android, kwa hivyo mwenye simu hiyo tayari anaitumia kila siku. Linux ni programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Hakuna leseni ya kununua, wala hakuna haja ya nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi.

Hata hivyo, wageni wengi huanzia mwisho. Hubadilisha mfumo kwanza, kisha hupata taabu faili za kikundi zinapokataa kufunguka vizuri. Utaratibu ulio salama ni kuanza na programu. Programu nyingi zinazotumika kwenye Linux hufanya kazi kwenye Windows pia, kwa hivyo mkazi anaweza kuzizoea mwezi mzima kabla ya kugusa mfumo.

Programu za kuanza nazo

LibreOffice ni ya kazi za ofisi: barua, majedwali ya hesabu na slaidi. Hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Mpangilio wa ukurasa unaweza kusogea kidogo, na majedwali yenye makro huenda yasifanye kazi. Fomu ya basari au barua ya kuomba kazi ni heri itumwe ikiwa PDF, ila pale mpokeaji anapotaka aina nyingine.

GnuCash ni ya vitabu vya hesabu. Mweka hazina huandika michango, mikopo na matumizi, na kila shilingi huonekana ilikotoka na ilikokwenda.

Firefox ni kivinjari cha intaneti, na Thunderbird ni ya barua pepe. VLC hucheza karibu kila aina ya video na muziki. GIMP hurekebisha picha, na inawafaa vijana wanaotengeneza mabango. KeePassXC hutunza maneno ya siri katika faili moja iliyofungwa. GCompris ina michezo ya kujifunza kwa watoto wa umri wa miaka 2 hadi 10.

Lugha nayo haikusahauliwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watafsiri hawakuhitaji kungoja kampuni ione faida katika lugha hii.

Kujaribu kabla ya kuhama

Programu zikishazoeleka, ndipo mfumo wenyewe hufuata. Linux Mint inamfaa mgeni kwa sababu menyu yake iko chini kushoto, mahali ambapo mtumiaji wa Windows amezoea kuitafuta. Inahitaji angalau GB 2 za RAM, ingawa GB 4 ni bora, na GB 20 za nafasi kwenye diski. Faili yake ya kupakua inakaribia GB 3. Asiye na bando la kutosha anaweza kutafuta maktaba au kituo chenye intaneti, au akamwomba jirani aliyekwisha kuipakua. Kugawiana si kosa.

Faili hiyo huwekwa kwenye flashi kwa programu maalumu kama Rufus, kisha kompyuta huwashwa kupitia flashi hiyo. Linux Mint hufunguka bila kubadilisha chochote kwenye diski. Huo ndio wakati wa kujaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Kifaa kikikataa, mtumiaji huchomoa flashi, huwasha upya, na Windows yake iko pale pale.

Jambo la kuogopwa ni moja. Wakati wa kusakinisha, chaguo la kufuta diski hufuta kila kitu: picha, vyeti na hesabu za kikundi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari la vyama vingi ni faili moja kwenye kompyuta moja. Kabla ya kusakinisha, faili zote zinakiliwe mahali pawili tofauti, kisha nakala zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha zinasomeka.

Baada ya kuhama, programu mpya zichukuliwe kwenye hazina ya programu ya Linux Mint yenyewe badala ya tovuti zisizojulikana, na masasisho yakubaliwe yanapofika. Timeshift hurudisha mfumo ulioharibika, lakini kwa kawaida haitunzi faili za mtumiaji. Nakala hizo zinahitaji utaratibu wake.

Si lazima kila mtu ahame. Anayetegemea Photoshop, au programu ya ofisini isiyo na toleo la Linux, ni heri abaki alipo au atunze mifumo yote miwili kwenye kompyuta moja.

Kwa wengine, kazi ya wiki hii ni ndogo na haina gharama zaidi ya bando: kusakinisha LibreOffice kwenye kompyuta iliyopo, kufungua jedwali la kikundi, na kulinganisha jumla na kitabu cha mweka hazina. Hesabu zikilingana, hatua ya kwanza imekamilika.