F Isiyofunga Mlango: Kuchagua Matokeo ya Kuombea Chuo

Mada kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi, Kata ya Kinyala, Wilaya ya Rungwe

Utangulizi

Mada hii inawahusu waliofanya mtihani wa kidato cha sita mara mbili: kwanza shuleni, kwa namba inayoanza na S, kisha kama watahiniwa wa kujitegemea, kwa namba ya P. Swali lao ni moja: niombee chuo kwa matokeo yapi?

Pointi za aina mbili

Mkanganyiko huanzia kwenye neno "pointi". Baraza la Mitihani likipanga divisheni, A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Mwenye chache ndiye bora. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa waliomaliza tangu 2016, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni prinsipo mbili, yaani alama za A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayotakiwa na kozi.

Mfano

Tuchukue kijana wa tahasusi ya HKL. Mara ya kwanza: Historia D, Kiswahili E, Kiingereza S. Akarudia: Historia F, Kiswahili D, Kiingereza D. Kote ni divisheni ya tatu, pointi 15. Baba akiiona F anasema, "Mwanangu, hii ni aibu. Peleka yale ya mwanzo."

Hesabuni kwa kanuni ya TCU. Ya mwanzo ni 2 na 1, jumla 3. S si prinsipo. Hayatoshi. Ya pili ni 2 na 2, jumla 4. Yenye F ndiyo yanayomfikisha kwenye kiwango cha chini, ingawa kozi zenye ushindani huchukua wenye zaidi.

Hata ya mwanzo si ya kutupa: prinsipo moja na S moja hutosha kuombea stashahada nyingi.

Kuna la kuficha?

Marekani, tangu 2009, mtahiniwa wa SAT anaweza kuchagua alama za awamu ipi zitumwe, chuo kikiruhusu. Kwetu chuo husoma matokeo kwa namba ya mtihani, pamoja na ya kidato cha nne. Ukikosea tarakimu moja, yanayotokea si yako.

Mapendekezo

1. Soma kwanza masomo yanayotakiwa na kozi katika mwongozo wa TCU wa mwaka huo.
2. Jaza namba za mitihani yote kama fomu inavyotaka, na mtu wa pili azihakiki.
3. Weka matokeo yote mawili mezani, ziba divisheni kwa kidole, kisha mzazi na mtoto mjumlishe prinsipo pamoja. Kidole kiondolewe hesabu ikiisha.