Uzamifu wa Ekolojia: Ng'ambo au Mbita?

Wazazi, walimu na vijana wa Kaunti ya Kisumu,

Kijana akisema anataka kusomea wadudu au magugu ya ziwa hadi shahada ya uzamifu, wazazi wakishamaliza kushangaa huuliza: atasomea nchi gani? Swali zuri, lakini kuna lingine kubwa zaidi: utafiti wenyewe ataufanyia wapi?

Thomas Odhiambo alisoma Shule ya Maseno, hapa hapa Kisumu, kisha Makerere, halafu Cambridge, Uingereza, alikopata uzamifu wake mwaka 1965 kwa kuchunguza miili ya wadudu. Akarudi. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, jijini Nairobi. Tangu 1983 kuna mpango wa ARPPIS: mwanafunzi hujisajili katika chuo kikuu cha Afrika, utafiti akaufanyia ICIPE, na kila upande humpa msimamizi.

Kituo hicho kina tawi Mbita, ng'ambo ya ghuba. Huko ndiko wanasayansi wa ICIPE, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walikokuza kilimo cha vuta sukuma. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia kandokando ya shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, nayo nepia huwavuta nje. Mizizi ya desmodiamu nayo hudhibiti kayongo, gugu ambalo mkulima wa Nyanza hahitaji kuelezwa. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kumalizikia maabara ya Ulaya. Lazima kayongo awepo.

Nchi hutofautiana, tena sana. Uingereza mwanafunzi huanza utafiti mapema, akamaliza kwa miaka mitatu au minne na kuhojiwa na watahini faraghani. Marekani kwanza kuna madarasa na mtihani mgumu. Mitano ni kawaida, na wengi hufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza ili walipiwe. Uholanzi wengi huajiriwa kwa mshahara, na tasnifu hutetewa mbele ya umma. Kenya kwa kawaida huanza na uzamili, na mzigo wa ada mara nyingi huiangukia familia. Hapo ndipo wengi hukwama, wala si kwa kukosa akili.

Tena ekolojia ina kalenda yake. Mvua ya masika ikipita kabla ya pesa za utafiti kufika, mwaka umepotea. Gugumaji nalo halimsubiri mtu: leo limeziba Dunga, upepo ukigeuka limehama.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, kijana na aulize: nani atalipia safari za nyanjani? Sampuli na takwimu za ziwa zitabaki wapi? Msimamizi wa hapa ni nani? Barua ya kukubaliwa chuoni si barua ya ufadhili. Asiuze mtu shamba kwa kuzichanganya. Na hata aliyesajiliwa ng'ambo, akija kufanya utafiti Kenya atahitaji leseni ya NACOSTI, nayo huombwa mapema, kabla ya mvua.