Mama wa Nyumba Yuko Wapi?

Wadogo zangu mnaohitimu leo,

Mimi ni mtoto wa Ndosho, hapa Goma. Mwaka nilipopata diploma ya serikali, jirani alipiga hodi jioni akasema: "Mwanangu, wewe umesoma. Njoo utuandikie karatasi ya kiwanja ninachonunua." Nikaenda na kalamu yangu. Nilimkuta muuzaji, komisioneri, yaani dalali, na mashahidi wawili. Walikuwa wamekwisha kupatana bei. Niliandika kwa mwandiko safi, wakatia sahihi, tukanywa soda. Wiki tatu baadaye mke wa muuzaji alirudi kutoka safari. Kiwanja kilikuwa chao wawili, na hakuna aliyemwuliza. Jirani yangu alihangaika miaka minne, na karatasi iliyosomwa mbele ya jaji ilikuwa ile yangu.

Nanyi mtaitwa hivyo hivyo. Ndiyo maana leo nataka kusema juu ya neno "nimekubali".

Sheria yetu ya mikataba ni ya tarehe 30 Julai 1888. Inasema mauzo yamekamilika kati ya muuzaji na mnunuzi mara wanapopatana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijakabidhiwa wala bei haijalipwa. Wengi wetu mtaani tunaamini hakuna kilichofungwa mpaka dola zihesabiwe mezani. Sivyo. Kenya wanadai mkataba wa ardhi uwe wa maandishi. Uingereza mtu anaweza kukubaliwa bei ya nyumba leo na kesho akaachwa, kwa sababu pande mbili bado hazijabadilishana mikataba yenye sahihi. Kwetu wawili wakipatana, wamefungana.

Basi sikilizeni vizuri namna watu wanavyopatana. Muuzaji akitaka dola 8,000 nawe ukajibu 6,500, hujakubali. Umekataa bei yake, umeweka yako. Ukirudi kesho na 8,000 mkononi, yeye yuko huru kumpa mwingine. Nimemwona baba mzima akilia kwa jambo hilo, akidai bei ile ya kwanza ilikuwa bado inamngojea. Kama muuzaji amesema atakusubiri mpaka Jumamosi, mwombe aiandike hiyo Jumamosi.

Na kitu chenyewe ni kipi? Hapa kwetu swali hili ni zito. Nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano hubomolewa kwa siku moja, mbao na mabati yakapakiwa, mnunuzi akabaki na mawe. Je, amenunua kiwanja peke yake, au kiwanja na nyumba, na choo, na tangi la maji? Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto wake ndani ya Goma, mipaka ya viwanja vingi ilifunikwa na mawe. Pimeni kwa kamba, kisha andikeni majirani wa pande zote nne.

Hata hapo kazi haijaisha. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki yako juu yake husimama kwa cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya mezani inawafunga wale wawili. Haimfungi mtu wa tatu aliyekwisha kupata cheti. Mwambieni mnunuzi hivyo siku ile ile mnapoandika, kabla hajatoa malipo ya kwanza.

Tena yuko yule mke wa muuzaji. Kanuni ya Familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wapatane kuhusu mali kama kiwanja na nyumba. Jioni ile kwa jirani nilikuwa na umri wenu, na kuuliza kama mke amekubali hakukunijia.

Nimewaletea kalamu, moja kwa kila mhitimu. Siku mtakapoitwa, muuzaji atawaambia bei imeshapatikana, andika tu. Mwulizeni: mama wa nyumba yuko wapi? Akijibu kwamba yuko safarini, rudisheni kalamu mfukoni, mwambieni mtarudi atakapofika.